Mahali Hapa Hapalali Mtu

Jumatatu, 3 Februari

Harusi nyingine. Asubuhi nzima nimekata vigelegele na keki kwenye kompyuta. Bwana harusi alipiga chafya katikati ya kiapo na mama yake anataka itolewe kwenye video. Nimeitoa. Sasa anaonekana kama alisita kidogo kabla ya kukubali. Shauri yao.

Mchana nimefunga studio hapa Ruiru nikaenda Thika. Tulisoma skripti mbele ya waliotuchangia, katika ukumbi wa kanisa. Walikuja wengi kuliko nilivyotarajia. Wengine ni maharusi niliowapiga picha, wengine ni watu wa kaka yangu.

Filamu ni fupi. Binti anarudi nyumbani baada ya mama yake kufa, anakuta mlinzi asiyemjua langoni. Mlinzi anamwambia: "Mahali hapa hapalali mtu." Basi. Hiyo ndiyo filamu. Shiru ndiye binti. Tunaishi naye chumba kimoja, kwa hivyo namwona akijizoesha kulia hata akiosha sufuria. Kariuki ndiye kamera, ndiye anayetafuta pesa, ndiye anayetafuta nyumba. Nilikuwa nimempa na sehemu ya mlinzi, tusilipe mtu mwingine.

Nimepiga marufuku Kiingereza kwenye kazi hii. Sitaki kusikia "location". Tunasema mahali. Walinuna lakini wakakubali.

Kariuki akasimama kusema sentensi yake. "Mahari hapa haparari mtu." Ukumbi mzima ulicheka. Nikamwambia arudie. Akarudia vilevile. Mara ya tatu nilimrudisha kwa sababu tu watu walikuwa wanafurahi. Halafu nikampa Mose, fundi wa sauti, sehemu hiyo. Kariuki akasema poa, akaenda kukunja stendi ya kamera.

Kilikuwa kikao kizuri.

Alhamisi, 6 Februari

Nyumba ya Thika tuliyoomba kupigia filamu imekataa. Yaani mwenyewe amekataa. Anasema watu wa filamu huja na mambo yao. Mambo gani, hakusema.

Bila nyumba hatuna kitu. Nataka ya zamani, yenye veranda na sakafu nyekundu ile ya kusuguliwa, na lango ambalo mtu anaweza kusimama nje yake akaona mlango wa mama yake. Siku hizi kila mahali ni gorofa za kupangisha. Nyumba kama hiyo ikipatikana, inasubiri kubomolewa.

Kariuki amesema nimwachie. Sikupenda alivyosema. Ameanza kuongea na mimi polepole, anasimama kabla ya neno, anaangalia chini, ndipo anatoa. Tumefanya kazi pamoja miaka na sijawahi kumwona hivyo. Mtu anayechagua maneno ana kitu anaficha.

Jumapili, 9 Februari

Shiru hakuja kanisani. Ameenda Kalimoni kwa guka, babu yake, anasema. Simu ya Kariuki imezimwa tangu asubuhi. Ya Shiru pia.

Amerudi jioni na avokado za kutosha kijiji. Ameniwekea tatu kubwa juu ya meza bila kuniangalia usoni. Nimeuliza guka hajambo. Hajambo. Nimeuliza alikuwa na nani. "Na watu tu." Halafu akaanza kuimba.

Avokado ni nzuri. Nimekula moja nikiwa na hasira.

Jumanne, 11 Februari

Kariuki ametoa pesa kwenye akaunti ya filamu. Karibu nusu. Ujumbe umeingia kwa simu yangu nikiwa katikati ya hotuba ya baba wa bibi harusi.

Tulikubaliana kwamba anayetoa anamwambia mwenzake kwanza. Yeye mwenyewe ndiye aliyeleta sharti hilo. Nikampigia. Akasema, "Kuna kitu napanga. Nipe hadi wiki ijayo." Kila neno limenyooka, taratibu, kama anasoma taarifa ya habari. Nikasema sawa. Si sawa.

Ijumaa, 14 Februari

Leo ni siku ya wapendanao, Ruiru nzima imevaa nyekundu. Mimi niko na sweta la kijivu na sasa najua kwa nini.

Shiru alikuwa anakanda chapati. Alidhani niko bafuni. Nilikuwa nimefika mlangoni tu, mfereji umekauka, narudi kuchukua maji ya ndoo. Mikono yake ilikuwa na unga, kwa hivyo alicheza ujumbe wa sauti kwa spika. Kariuki. Nilisikia mwisho wake: "...ile pesa ya mahari iko ready. Wazee pia. Nekesa asijue bado."

Shiru akatabasamu akiangalia unga.

Nikarudi bafuni nikafungua mfereji usio na maji. Nikasimama pale. Kwa hiyo ni mahari. Pesa ya watu waliochangia filamu yangu inaenda Kalimoni kumposa mwigizaji wangu, na mimi ndiye nisijue.

Nilikula chapati mbili. Nilimwambia ni tamu.

Jumamosi, 15 Februari

Nimejaribu kuwa mwadilifu. Nimejiuliza kama ni ulimi wake tu. Lakini siku hizi ulimi wake hautelezi. Nimemsikia wiki mbili hizi. Akisema "lipa" ni lipa, akisema "kesho kutwa tutalala Thika" ni tutalala. R ile niliisikia vizuri kabisa.

Na wamekuwa wakinitazama kwa macho fulani. Na wote wawili walizima simu siku moja. Na pesa imetoka. Nikipanga vitu hivi vinakaa sawasawa, kama picha zilizokatwa vizuri. Kazi yangu ni hii, naijua picha inayofuata.

Hawakuniambia. Hicho ndicho kinachoniuma. Wangeniambia ningewapigia video ya bure.

Jumapili, 16 Februari

Ushahidi umekuja wenyewe. Binamu ya Shiru ameweka picha kwenye simu yake, watu wote waone. Kariuki amevaa koti. Koti! Anakaa kati ya wazee wawili, babake na mwingine. Sukari mezani, blanketi mpya ndani ya nailoni, kreti ya soda. Guka yuko kwenye kiti chake na fimbo. Shiru anamimina chai. Chini pameandikwa: Mungu ni mwema.

Nimeandika kwenye grupu la waliochangia. Sikukaa kufikiria, au nilikuwa nimeshafikiria wiki nzima. Nimesema: Ndugu na marafiki, samahani, pesa mliyotoa imelipa mahari Kalimoni, hongera kwa maharusi. Nikaweka na ile picha.

Kisha nikaweka simu chini ya mto. Nikasikia inatetemeka, inatetemeka. Nilijisikia vizuri. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Jumatatu, 17 Februari

Shiru ametupa nguo zake kwenye begi huku ananipigia kelele. Naandika alivyosema maana sitaki kusahau.

"Mahari gani, Nekesa? Sisi tunasemanga ruracio! Umewahi sikia Mkikuyu akisema mahari? Alikuwa anasema pesa ya location! Si ni wewe ulikataza tuseme location? Si ulisema tuseme mahali?"

Nilikaa kitandani.

Nyumba ni ya guka yake. Ina veranda. Ina sakafu nyekundu. Inabomolewa mwisho wa mwezi, wanajenga vyumba vya kupangisha. Guka alimkaribisha Kariuki siku ile ya kwanza lakini hakutaka kusikia habari za vijana na makamera, kwa hivyo Kariuki alimchukua babake na rafiki ya babake wakaenda kumwomba kwa heshima, na sukari na blanketi, kama mtu anavyoenda kuomba kitu kikubwa. Hawakuniambia kwa sababu ile ya Thika iliponikatalia nililia mbele yao. Walitaka kwanza ipatikane.

Nikasema mbona alinyoosha maneno mengine yenye L, mbona hilo pekee likamshinda. Shiru akasema, "Akiongea na mimi haogopi. Ni wewe anaogopa. Na wewe ukikasirika unasema 'chana' badala ya jana, nani ashakucheka?"

Ameenda kulala kwa dada yake.

Nimeandika kwenye grupu kwamba nilikosea. Hakuna aliyejibu. Ile ya kwanza ilijibiwa na kila mtu.

Jumatano, 19 Februari

Guka ameona. Mjomba wa Shiru ni rafiki ya mmoja wa waliochangia, akampelekea simu ikiwa imefunguliwa. Mzee akajiona kwenye picha na watu wasiomjua wanampongeza kwa kuuza mjukuu. Akarudisha blanketi. Akarudisha pesa. Sukari ilikuwa imeshafunguliwa, kwa hivyo akanunua nyingine akarudisha.

Nimefika Kalimoni na boda boda. Ua wa miiba ya kayaba umezunguka boma lote, mrefu kuliko mimi. Lango la mbao. Guka alikuja mpaka langoni, akasikiliza samahani yangu yote, akaniuliza kama nimekula. Nikasema ndiyo. Akasema vizuri. Akageuka akaenda.

Niliiona veranda kupitia kwenye mbao. Ni yenyewe. Ni ile niliyoiandika kabla ya kujua kwamba ipo.

Ijumaa, 21 Februari

Kariuki amenipigia. Mara ya kwanza tangu Jumapili. Nilianza kuomba msamaha akasema tuongee kazi. Amerudi kwa mzee na babake, mara ya pili. Mzee ametoa siku moja. Kesho. Kwa Shiru, amesema, maana nyumba ni ya nyanyake pia.

Sharti: yule msichana wa kuandika asiingie ndani ya boma lake.

Nikasema, lakini mimi ndiye ninayeongoza. Kariuki akasema, "Ndio. Utaongoza ukiwa barabarani." Hakusema kwa ubaya. Hakusema kwa lolote. Ningependa angenitukana.

Jumamosi, 22 Februari

Nimekaa kutwa nzima nje ya ua kwenye kreti ya soda iliyogeuzwa. Simu sikioni. Kariuki ananiambia anachoona, mimi namwambia la kufanya. Kwanza nilitoa amri nyingi. Amtazame Shiru kwa mkono wa kushoto, asogeze kamera, asubiri wingu. Yeye anasema tayari. Mchana nikawa nasema tu, wewe unaonaje.

Nilishuku. Hata leo. Kila walipocheka ndani nilijua ni mimi. Nilisikia Shiru akilia ile sehemu ya mlangoni, nikasikia watu wa boma wamenyamaza wote, na sikuona kitu. Mwanamke mmoja alipita na kuni akaniuliza kama nimefukuzwa. Nikasema ndiyo. Akanipa pole akaendelea.

Guka alinitumia chai kwenye kikombe cha bati, kupitia juu ya lango. Sijui niielewe vipi. Niliinywa.

Jioni Kariuki alitoka, akanipa kadi za kamera na za sauti zote ndani ya bahasha. "Kazi imeisha." Nikasema Kariuki. Akasema, "Safe safari." Akapakia vyombo.

Jumatatu, 3 Machi

Shiru ameniletea picha. Nyumba haipo. Kuna kokoto na mchanga. Kipande cha sakafu nyekundu kimebaki, kuku amesimama juu yake.

Amekaa kidogo. Amekunywa chai. Hajasema kama anarudi, na godoro lake bado nimelifunika na shuka.

Jumanne, 11 Machi

Nahariri. Picha ni nzuri. Ni bora kuliko kama ningeongoza nikiwa ndani, na nimelikubali hilo bila kusumbuliwa na mtu.

Leo nimefungua kadi ya sauti ambayo haikuwa na jina. Ni ya tarehe tisa Februari, siku ile walizima simu. Kariuki alikuwa ameenda kukagua nyumba, akajaribu maiki kwenye veranda, akasahau kuizima. Kuku. Upepo. Kisha yeye.

"Mahari. Mahari. Aai. Ma-ha-li."

Sauti ya mzee ikauliza kwa Kikuyu anafanya nini. Akamweleza kuna sentensi imemshinda. Guka akasema si ngumu, ngoja nikuonyeshe: "Mahari."

"Hapana, guka. Mahali."

"Si ndio nimesema. Mahari."

Wakacheka sana, wote wawili. Wakaendelea. Mzee anasema lake, Kariuki anasema lake, kama watoto wa chekechea. Mimi pia nilicheka, kwa mazoea. Halafu nikaacha.

Mwishowe akaisema. Taratibu, akisimama kabla ya kila neno, vile alivyokuwa akiongea na mimi wiki zile zote. "Mahali hapa hapalali mtu."

Guka akapiga makofi. Kariuki akasema, "Sasa Nekesa atanirudishia sehemu yangu."

Nimempigia. Simu imeita mpaka ikakatika. Sitapiga tena leo.

Nimetoa sauti ya Mose langoni nikaweka hiyo. Mose amesema haijalishi, yeye ni wa sauti. Midomo inaachana kidogo na maneno. Mtu akiangalia sana ataona. Nimeiacha hivyo, nimezima kompyuta, nimeanika nguo.