Jina Lililogeuka Zambarau

Mdogo wangu wa pekee,

Amani ya Mungu iwe nawe na wanao. Natumaini barua hii inawakuta wazima, na kifua cha mwanao, Kipepeo wetu, kimepoa. Huku hatujambo, mama anakula vizuri na bado anagombana na redio. Aliyekuletea barua ni dereva wa ofisini kwetu, tunasali pamoja, ni mtu wa kuaminika. Usimkaribishe kukaa. Isome ukiwa umesimama, na watoto wawe ndani.

Uliniuliza habari za kazi yangu mpya, ukanitania kwamba aliyeishia shule ya msingi ataifundisha nini kompyuta. Siifundishi kitu. Wanatengeneza kivinjari, ile programu ya kufungulia kurasa za mtandao, na wanataka macho ya mtu wa kawaida yaseme kama mambo yanaonekana sawasawa. Najaribu orodha zilizomo ndani ya orodha nyingine, kama sufuria zinavyopangwa, ndogo ndani ya kubwa. Kila ya ndani inatakiwa isogee kulia kidogo kuliko iliyoibeba. Na kila jina ni kiungo: ukilibonyeza, linakupeleka ukurasa mwingine. Kabla ya kubonyezwa huwa la bluu. Likishabonyezwa linageuka zambarau.

Mwanzoni nilijaza maneno ya ovyo, nikawa sioni kosa liko wapi. Mkuu wangu, tunayemwita Bibi Miwani, akanishauri niandike kitu ninachokijua kwa moyo. Nikatuandika sisi. Mama juu, mimi na wewe chini yake, wanao chini yako. Makosa yakaanza kujileta yenyewe. Siku moja Kipepeo alitokea sambamba na mama, kana kwamba wamelala tumbo moja, nikacheka mpaka Bibi Miwani akaja kuuliza kulikoni. Kila jina nikalipa ukurasa wake, nikaweka mtaa na picha ya nyumba. Kwako niliweka ile uliyoitia kwenye barua yako ya mwisho: wewe, mlango wako wa bluu, na kibao cha fundi baiskeli pembeni.

Jana baba watoto wako alikuja ofisini. Ndiyo, huyo huyo uliyemkimbia. Amekonda, ana kitabu cha sala kwapani. Alinipigia magoti mbele ya watu, akasema ametubu, hataki kujua ulipo, anataka tu nimwombee. Hata mlinzi alifuta machozi. Nami nikajiambia, mja akitubu mimi ni nani nimfungie mlango? Nikampa kiti changu, nikaenda kumchemshia chai.

Niliporudi nilimkuta amesimama, tayari kuondoka. Chai hakuigusa. Akaniambia kwa upole, "Shemeji, kazi yako nzuri. Kila kitu kinaonekana."

Nilifurahi, Mungu anisamehe. Nilifurahi kusifiwa.

Nilipokaa ndipo nikaona. Majina yote yalikuwa ya bluu, kwa kuwa viungo vya ukurasa ule sikuwa nimeanza kuvijaribu. La kwako lilikuwa zambarau.

Uliniapisha nisimwambie mtu, na kweli sikumwambia. Nilimpa kiti. Usije ukamshuku fundi baiskeli wala jirani yako yeyote; ni mimi. Simu uliitupa kwa ushauri wangu mwenyewe, kwa hiyo kimebaki kipande hiki cha karatasi na mwendo wa gari. Sijui nani kati ya dereva na mumeo atatangulia kubisha hodi. Kama unasoma hapa, basi dereva ametangulia.

Chukua watoto na dawa ya Kipepeo, vyombo viache. Dereva atawapeleka utakakomwelekeza, na nimemwomba asinieleze ni wapi.

Mama anakusalimu sana. Hajui lolote, anafuma tu sweta ya Kipepeo na kulalamika kwamba uzi ni mfupi. Nakuombea kila nikipiga goti. Mkifika salama, mdogo wangu, usiniandikie mko wapi.

Ni mimi dada yako, niliyekubeba mgongoni.