Figo za Baba Hazikuandikwa

Chawia, 24 Februari 2025

Mwanangu Lewis,

Salamu. Huku hatujambo, kama kupumua ndiko kutokuwa na jambo. Baba yako yuko wodini tena huko Voi, ghorofa moja juu ya ofisi yako, kwa hivyo hali yake unaijua kunishinda. Mimi nimepanda nyumbani kuangalia ng'ombe. Simu zako nazikata makusudi, nikisikia sauti yako nitatukana.

Mwezi jana alipoharisha mlimlaza, mkamtundikia maji, akarudi anatembea. Karatasi ya kutoka hospitali ikasema kuhara na kutapika, basi. Mgongo ulipomshika kwa kulima matuta nikampeleka kemisti na ile karatasi mkononi. Si wewe ulinifundisha? Mama, usinunue dawa bila kuonyesha karatasi. Nikaonyesha. Mwenye kemisti akauliza kama mzee ana shida ya figo, nikamwambia soma hapo. Akasoma, hakuona kitu, akatuuzia tembe za diklofenaki za kutuliza maumivu. Kabla wiki kuisha mkojo ulikuwa umekauka.

Sasa daktari ananifokea kwa nini nimempa dawa hizo mtu ambaye figo zake ziliumia mwezi jana. Eti kipimo cha damu kiko kwenye kompyuta tangu wakati huo. Nani alijua, Lewis? Mafaili yote yanapita mikononi mwako.

Mama yako

Voi, 26 Februari

Mama mpendwa,

Pole na safari, na pole na yote. Baba amewekwa kwenye mashine ya kusafisha damu. Uso umevimba lakini ameniita jina.

Kasirika, lakini nisikilize. Kila ugonjwa una namba yake, na kazi yangu ni kuweka namba kwenye faili la mgonjwa. Naweka ya ule ugonjwa daktari ameandika, basi. Kipimo kikionyesha figo zimeumia na yeye asiandike, sina ruhusa ya kumwandikia. Kipimo cha Baba nilikiona. Nikamwandikia daktari kumuuliza, hakujibu. Nikamuuliza tena, kimya. Wanatibu, halafu kuandika wanaona ni kazi ya makarani, na mimi nimechoka nao kabisa. Baba alikuwa ameshapona, analima. Nikaona limebaki jambo la ofisi.

Mwanao, Lewis

Chawia, 27 Februari

Lewis,

Jambo la ofisi.

Ulikula ugali hapa Jumapili ile kabla sijaenda kemisti, umekaa karibu naye, analalamika mgongo. Nani alikukataza kufungua mdomo? Daktari?

Mama yako

Voi, 11 Machi

Mama,

Salamu, ingawa tangu tulipoachana pale mochari hutaki hata kunitazama. Najua umelala chini na wamama wa kanisa na hujala. Tafadhali kula.

Nakuandikia kwa sababu Baba mdogo Crispus ananisukuma nichukue kibali tuzike Jumamosi. Fomu ya kifo cha Baba imefika mezani kwangu. Daktari ameandika kwamba moyo ulisimama. Mama, kila anayekufa moyo wake unasimama. Figo hazimo, tembe hazimo. Nimemrudishia fomu. Akairudisha vile vile. Mkubwa wangu anasema niweke namba, nisilete uchungu wa nyumbani kazini. Nikikataa mazishi yatachelewa, na watu wameshaitwa. Nifanye nini?

Mwanao, Lewis

Chawia, 12 Machi

Lewis,

Usiweke.

Nimemwambia Crispus Jumamosi hakuna mazishi. Amenijia juu mbele ya kamati yote. Eti hema limeshasimamishwa, ndugu wa Bura wako njiani, nani amewahi kusikia mjane anazuia mwili wa mume wake. Nikamwambia sasa amesikia. Mable wa hapa jirani peke yake ndiye aliyekaa upande wangu. Wengine wananong'ona kwamba nimerukwa na akili, waache.

Hicho kinywa ulichokifunga mwezi jana, kifungue sasa. Ukishindwa nitashuka nikae mlangoni pa huyo daktari na nguo zangu za matanga.

Mama yako

Voi, 18 Machi

Mama,

Ameandika. Nilibeba vipimo vyote viwili nikamfuata wodini, nikasoma kwa sauti mbele ya manesi mpaka akasema lete hiyo karatasi. Figo ziliumia ghafla, zikaumizwa tena na dawa. Nimeweka namba mwenyewe. Kibali kiko mfukoni. Mkubwa wangu ameniambia nijiandae kwa uhamisho.

Tangu barua yako ya kwanza hujaniita mwanangu.

Lewis

Chawia, 20 Machi

Lewis,

Nimepata barua. Jumamosi ulete mwili mapema, mvua inaanza mchana.

Wasifu wa baba yako atasoma Crispus, aseme alizaliwa lini na aliimba sauti gani kwenye kwaya. Wewe utasimama baada yake usome hiyo sababu ya kifo, yote, na jina la zile tembe. Soma polepole. Nusu ya watakaokaa kwenye hilo hema wanazo ndani ya mikoba, Mable anazo mbili kwenye kitambaa chake.

Wakikuuliza ulijua lini, wajibu. Mimi nitakuwa nimekaa mbele. Ukimaliza kusoma, mwanangu, njoo ukae karibu nami.

Mama yako