Kadi ya Bwana wa Kizingiti

Jengo la Uchapaji,
Ghorofa ya Tatu, Mlango Na. 9.
Jumanne, 14 Juni

Mpendwa Kaka Mkubwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe, wifi na watoto. Natumaini mgongo wako umepoa na wifi anaendelea vizuri na mafunzo yake ya ukunga. Sisi tupo, uhai tunao, ila hatujakaa sawa. Mwandiko huu usikushtue, naandika kwa mkono wa kushoto na utaelewa kwa nini. Kaa chini kwanza, ndipo uendelee kusoma.

Unaukumbuka ule mchezo wa kadi uliotuletea wakati wa likizo, wa majeshi, mazimwi na wachawi? Hatukuuacha. Kila Jumamosi mchana, mashine zikishazimwa, tunakutana katika chumba cha kukatia karatasi hapa kazini kwangu na kubuni kadi zetu wenyewe. Kila kadi ina gharama ya kuiingiza vitani, nguvu ya kupiga, na uhai wa kustahimili kipigo. Mwenye kadi anaiweka mezani na kufunga mdomo, sisi wengine tunaichambua bila kumwonea haya. Tulikuwa wanne: mimi, mwalimu mstaafu wa hesabu, nesi wa zahanati ya jirani, na shemeji yetu, mume wa mdogo wetu Kitinda, ambaye wote tunamwita Brashi kwa kazi yake ya kuchora mabango.

Mkono wake unaujua. Akichora damu, unaogopa kuigusa isije ikakuchafua. Nilikuwa namsifia hata kwa wateja.

Jumamosi ya tarehe nne alileta kadi mpya, Bwana wa Kizingiti. Jitu limeziba mlango. Mkono mmoja limeshika nywele za mwanamke aliyepiga magoti, mkono wa pili limeshika bamba la chuma lenye ncha, jekundu kwa moto. Chini aliandika: kila zamu, mpige mtumishi wako mmoja, na Bwana ataongezeka nguvu mbili. Gharama yake, moja.

Mwalimu alivaa miwani akaisoma mara mbili. Alisema hesabu yake mbovu, kwa sababu kadi inawaumiza wa kwake, na badala ya kulipia inazawadiwa. Nesi akaongeza kuwa huyo mtumishi apewe basi hata njia ya kukimbia. Nimekwambia mwenye kadi hajibu, lakini siku hiyo Brashi alijibu.

"Akimbilie wapi?" alisema. "Ni wangu."

Nikaitazama picha upya. Begani mwa yule mwanamke palikuwa na kovu la kuungua, la pembe tatu, ncha imeelekea shingoni. Kaka, kovu lile nalijua. Niliwahi kuliona kwa Kitinda mwezi wa nne nilipokuwa nampima gauni. Aliniambia pasi ilimwangukia kutoka juu ya kabati, na mimi nikaendelea kupima kiuno. Tena nikikumbuka Jumamosi zile nilipomwambia Brashi kwamba maumivu usoni mwa watu wake hayaaminiki, aende akaangalie vizuri ndipo achore, najiona kama nami niliishika ile pasi.

Nilichukua kadi, nikadanganya naenda kuitolea nakala, nikashuka ngazi na kwenda moja kwa moja kwa Kitinda, mtaa wa pili.

Nilimkuta anaosha vyombo. Nikaiweka kadi kando ya karai. Alifuta mikono, akaiangalia.

"Amekosea," akasema. "Sikupiga magoti. Nilikuwa nimesimama."

Nikamwambia akusanye nguo zake. Alikuwa ametia blauzi mbili tu kwenye mfuko Brashi alipoingia. Hakuuliza kitu. Alimkamata Kitinda nywele, akambamiza uso ukutani mara mbili, nikasikia jino likikatika. Nilimrukia mgongoni, akanitupa kama gunia. Nilipoushika mwimo wa mlango ili niinuke, akaufunga mlango kwa nguvu juu ya vidole vyangu. Vitatu vilivunjika. Sijawahi kupiga kelele vile, hata nikiwa nazaa.

Kitinda, mdomo umemjaa damu, aliokota sufuria nzito na kumtandika nayo gotini. Alipoinama akamtandika tena begani, na lile jibaba likaanguka sakafuni. Sitakuficha kitu, Kaka. Niliichukua sufuria ile kwa mkono mzima nikaiinua juu ya kichwa chake, na nilikuwa nimeshaamua. Kitinda akanishika mkono.

"Dada, basi," akasema. "Nataka aulizwe mbele ya watu."

Mwalimu na nesi walitukuta tumemkalia. Walikuwa wameingiwa na wasiwasi Brashi alipotoka mbio baada ya kuona kadi haipo. Nesi alinifunga vidole kwa mwiko wa jikoni na vitambaa, huku akimtukana Brashi matusi ambayo sikujua anayafahamu. Polisi walimchukua yeye pamoja na kadi. Daktari aliipima picha na bega la Kitinda, akaandika kwamba vinalingana.

Kitinda yuko kwangu sasa. Anakula uji kwa sababu ya jino, na analala mchana kutwa kama mtu aliyetoka safari ndefu.

Kuna jambo lingine. Ndugu zake Brashi wamekuja mara mbili wakitaka yaishe nyumbani kimyakimya, na Mama ameanza kulegea. Watakupigia simu, maana wanajua neno lako ndilo Mama analisikiliza. Nakuomba uwakatalie, halafu umpigie Mama wewe mwenyewe kabla hawajarudi.

Wasalimie wifi na mapacha wako wale watundu. Mwalimu anakusalimu, nesi pia. Mungu awatangulie katika kila mlango mnaoingia.

Najua ulipofika hapa umeshasimama unatafuta viatu. Kitinda alijua pia, ndiyo maana amenituma nikuandikie hivi: usije kumpiga. Kesi ni Jumatano, tarehe 29, saa tatu asubuhi. Anaomba uje siku hiyo, ukae benchi la mbele, ili atakapokuwa anasema awe na mtu wa kumtazama.

Ni mimi dada yako nikupendaye sana,
Mama Wino