Barabara Uliyoisugua Ikang'aa

Baba Mdogo,

Shikamoo. Bibi hajambo, kikohozi kimemwacha, na jikoni tumepaka rangi. Habari njema zimeishia hapo.

Kwenye mchoro wangu niliandika wazi: zege likiwa bichi lipitishwe brashi, likikauka likatwe mifereji myembamba inayofuata mwendo wa magari. Mifereji hiyo hupunguza mvumo wa matairi na kutoa maji njiani. Wewe mkandarasi ukaisugua barabara kwa mwiko wa chuma hadi ikang'aa kama sahani. Nilipokuuliza, ulinijibu mbele ya mafundi: "Binti yangu, si ulitaka barabara isiyo na kelele? Haya, sikiliza! Hata paka ana kishindo kuliko hii."

Wakacheka wote. Mvua ya kwanza iliponyesha, muuguzi mmoja aliteleza na pikipiki yake akaingia chini ya lori. Amekatwa mguu.

Sasa unaniletea karatasi nitie sahihi kwamba muuguzi alikuwa akienda mwendo kasi. Tena umempigia Baba simu, unalalamika kwamba mtoto uliyembeba mgongoni anakuvua nguo hadharani.

Karatasi yako nimeichana. Nimesaini nyingine, amri ya kuifunga barabara yote mpaka uikate mifereji kwa gharama yako. Imeshabandikwa kwenye vizuizi, pande zote mbili.

Usije nyumbani kunibembeleza. Baba amesema atakufungulia mlango, kwa kuwa wewe ni mdogo wake. Mimi sitatoka chumbani.

Mtoto wa kaka yako,
mhandisi wa barabara hiyo