Mzee Mutua Amerudi Tena

Kitui, Alhamisi, Machi 1994

Amerudi tena! Mzee Mutua wa Kabati tulimzika mwaka jana, na mimi mwenyewe nimemfuta kwenye kompyuta ya mradi wetu wa mbegu sijui mara ngapi. Kila Alhamisi disketi ya Kioko, mwenzangu wa ofisi yetu ya Makindu, inaletwa na basi. Naiingiza ili orodha zetu mbili za wakulima zilingane, na mzee anarudi. Nikimpigia Kioko simu, anasema kwake jina lipo, basi mimi ndiye nimelipoteza.

Mashine nayo inakubaliana naye. Haijui nimefuta, inadhani nimesahau tu.

Leo mjane wake, Mama Nduku, amekuja na barua yetu ya kumwita mumewe mkutanoni. Nimeona haya. Nimemweleza kwamba hapa tunamfuta, Makindu wanamrudisha.

Akaniangalia. "Kumbe ni nyinyi mnamfuta?"

Jina nimeliacha, nikaandika "marehemu" kando yake, na Kioko nitamtumia hivyo hivyo. Labda sasa tutaelewana. Lakini sijui ni marehemu wangapi wengine tumewaita.

Ile barua nilitaka kuichana. Mama Nduku akakataa, akaikunja vizuri, akaenda nayo nyumbani.