Tambuu Iliyopasuka

Ndosho, Jumatano usiku

Usingizi umenikataa. Tambuu, ile ngoma ya chuma ya breki ya nyuma, imepasuka, na muzee mwenye kamio, lile lori la mizigo, anataka waichomelee tu. Kamio ni yake, lakini mwenye kushuka nayo milima ya Masisi, imejaa viazi, ni mimi. Leo garajini fundi alinionyesha ule ufa. Ukucha wangu uliingia.

"Muzee, tununue mpya," nilimwambia.

"Bei yake inakula faida yote ya safari. Kama unaogopa, acha ufunguo."

Nikauacha mezani, nikatoka.

Jioni mudogo wangu Idi akapiga simu, sauti imejaa furaha. Muzee amemupa kamio. Anaondoka kesho kutwa.

Nikamweleza habari ya tambuu.

"Yaya, mukubwa wangu, niko bila kazi tangu mutoto azaliwe. Nitashuka polepole."

Polepole. Breki ikikataa kwenye muteremko, nani anashuka polepole?

Nimekasirika, sijui kama ni juu ya muzee ao juu ya Idi. Ao juu yangu, kwa sababu ningebaki na ule ufunguo…

Kesho nitauza moto yangu, ile pikipiki. Nilitaka kubeba nayo abiria, tupate chakula, na bibi yangu wa ndoa bado hajui. Nitanunua tambuu, nisimame pale garajini mpaka fundi aifunge. Kazi Idi abaki nayo.

Muzee atapata tambuu ya bure, na hiyo inaniuma sana. Lakini atakayeshika usukani si mutoto wake. Ni wa mama yangu.