Sare Moja ya Ziada

Viwanja Sitini, Ifakara.

Dada Dativa, shikamoo. Huku hatujambo, na Levina wangu ameota jino.

Nimefurahi kusikia kwaya yenu itatoka Dar kuja kupanda milima ya Udzungwa na kurudi siku hiyohiyo. Vaeni raba, njia ya maporomoko inateleza.

Jumapili mume wangu alinivunja mkono wa kushoto kwa mchi, eti ugali umepoa. Akasema, "Thubutu kupanda basi uone! Makonda wote washikaji zangu. Nitakuchinja."

Siku hiyo atanileta Mang'ula nikusalimie, yeye atasubiri nje ya geti la hifadhi. Niletee sare ya kwaya na kilemba. Nitavaa chooni, nipande basi lenu katikati ya wenzako, nikalale kwako. Levina abebwe na mama mwingine. Akilia, imbeni wote.

Mdogo wako anayekungoja,
Konsolata